Majani Katika Njuga

Tuliokaa mkeka mmoja siku ya kuanua matanga ya shangazi Elizabeti, pale Mtinko, ni hawa. Nilikuwepo mimi, Agnesi, mtoto wa kaka yake, niliyelala naye chumba kimoja mwaka mzima nilipokuwa na miaka kumi na sita. Alikuwepo Salima binti Jumanne, jirani yetu wa wakati huo na mwenzangu wa kuteka maji, ambaye sasa macho yake yameingia mtoto wa jicho lakini ulimi wake haujaingia kitu. Alikuwepo Samweli, mtoto wa mzee Gidahoda, aliyevuka mpaka wa mkoa kutoka upande wa Wabarbaigi kuja kumlilia mtu wetu. Mzee Gidahoda mwenyewe alishatangulia. Mzee Ntandu, mume wa shangazi, alishatangulia, na Hango, balozi wetu wa nyumba kumi, naye alishatangulia. Mbwa siwahesabu hapa, nitawataja mbele kwa majina yao, maana habari yenyewe ni yao.

Samweli alikula ugali wake akamaliza, akanawa, ndipo akafungua kitambaa alichokuja nacho akatoa njuga moja ya chuma, imeota kutu, tumboni imeshindiliwa tambara ili isilie njiani. Akaiweka mkekani mbele yetu. "Mama aliitunza kwenye kibuyu," akasema. "Aliniagiza, Elizabeti akifa, mrudishie kwake. Mimi sijui ni ya nini. Sisi mbwa hatuwavishi." Salima akanyoosha mkono, akaipapasa mdomo wake uliopinda upande mmoja, akasema, "Hii ni ya Mtasema, mbwa wa Hango." Halafu akanigeuzia uso mimi, si Samweli. Wanawake wa jikoni walikuwa wanacheka kitu chao huko nje, na mimi nilihisi jasho linanitoka mgongoni kama vile nimerudi kwenye kile kichaka, na mtu anakuja na bunduki.

Mwaka wenyewe nauita mwaka wa kukatazwa mbwa. Mvua zilikuwa zimekwisha, uwele umevunwa, na ndio wakati wanaume wa kwetu walizoea kuingia porini na mbwa wao. Serikali ikasema sasa basi, pori lile ni la wanyama, atakayekutwa na mbwa wa kuwinda atafungwa. Watu walidhani ni maneno ya mkutanoni. Mzee Ntandu akaingia na wenzake kama kila mwaka, wakakutwa na nyama ya swala begani. Wenzake walikimbia, yeye goti lake lilikuwa bovu, akapelekwa Singida mjini akafungwa miezi sita. Mimi nililetwa nikae na shangazi asibaki peke yake kwenye lile tembe, na shule nilikuwa nimeshaacha darasa la nne. Siku ya tatu baada ya kuja kwangu mbwa wa mzee Ntandu wakarudi wenyewe kutoka porini, njuga shingoni, mbavu zinahesabika. Walikuwa Sikitu, jike la rangi ya majivu, na mtoto wake dume ambaye alikuwa hajapewa jina. Wiki hiyohiyo wakaanza kuja wengine. Radi, Tabu, Kapera, Hamjui. Hao walikuwa mbwa wa wale waliokimbia. Wenyewe walikuwa wamewafukuza kwa mawe, maana kumkubali mbwa mwenye njuga ilikuwa sawa na kusema mimi ni mwindaji, nifungeni.

Ukimwuliza mtu, "Baba, huyu si Kapera wako?" anakujibu, "Kapera yupi? Mimi nafuga kuku." Na Kapera amesimama hapo hapo anamlamba kisigino.

Shangazi hakuwa mtu wa kupenda mbwa kwa maneno. Aliwaingiza kwenye chumba cha mbuzi, kile cha nyuma ambacho ukuta wake ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka, akawafunga kamba za ngozi, akawapa maji aliyooshea sufuria ya ugali kwenye kigae. Nilimwuliza tunawaweka wa nini, chakula chenyewe cha kwetu ni mlenda na uwele wa kupima. Akasema, "Mume wangu amekula kwa miguu ya hawa miaka kumi. Wewe mwenyewe nyama uliyokula utotoni ililetwa na nani?" Basi yakaisha. Salima alikuwa anatusaidia maji. Yeye ni Mwislamu, na baba yake alikuwa mtu wa msikiti hasa, hivyo kigae cha mbwa alikisukuma kwa fimbo ndefu akiwa amesimama mlangoni, kanga ameikunja mpaka magotini isiguswe. Mbwa akitikisa manyoya yeye anaruka nje. Shangazi alikuwa anamcheka, "We binti, ukiolewa na mwindaji itakuwaje?" Naye anajibu, "Shangazi, nitaolewa na muuza chumvi."

Lazima niwaeleze juu ya njuga, maana wajukuu zangu hawajui. Mbwa wa kuwinda wa kwetu alikuwa anavishwa njuga shingoni, na wakati wa kwenda porini tumbo la njuga linashindiliwa majani mabichi mpaka lisitoe hata mlio. Mbwa aliyefundishwa, ukimvisha njuga yenye majani, anajua ni wakati wa kunyamaza. Habweki, hanusi ovyo, anafuata kisigino cha mtu. Mkifika penye mnyama, mwenye mbwa anachomoa majani kwa kidole kimoja. Njuga ikilia tu, mbwa huyo kazi yake imeanza na hakuna wa kumrudisha mpaka akamate au mnyama ampotee. Na mtoto wa mbwa hapewi jina mpaka siku ya kwanza atakapokamata. Anaitwa "wewe" tu. Siku hiyo akikamata, yule aliyemchomolea majani ndiye anayempa jina, hata kama si mwenye mbwa. Mzee Ntandu alimtafutia yule dume mdogo njuga, akamfundisha kukaa na majani, halafu akafungwa kabla ya kumchomolea hata mara moja.

Kiangazi kikakaza. Kijiji cha jirani mtoto akang'atwa na mbwa, akafa kwa kichaa. Hapo hofu ikaingia ya kweli, na siwalaumu walioogopa, maana mama wa yule mtoto nilimsikia mwenyewe akilia kisimani. Bwana mifugo akaja, ukaitwa mkutano. Balozi Hango ndiye aliyesimama kusoma. Mbwa wote waandikishwe na wenyewe. Asiye na mwenyewe atapigwa risasi Jumamosi. Na hakuna mbwa kuvuka mpaka wa mkoa, akivuka anapigwa, awe mzima awe mgonjwa, na anayemvusha atashitakiwa. Hango alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti nzuri ya kanisani, na kila mtu pale alijua kwamba katika wawindaji wa Mtinko hakuna aliyempita kwa mbwa. Akiwa anasoma, mbwa mmoja mkubwa mweusi akapita katikati ya watu, polepole, akaenda akalala juu ya viatu vya Hango. Alikuwa Mtasema. Jina hilo Hango alimpa ili kuwajibu majirani waliosema anakula nyama peke yake.

Hakuna aliyecheka. Bwana mifugo akauliza, "Balozi, huyu mbwa ni wa nani?"

Hango akamtazama yule mbwa, akasema, "Hana mwenyewe." Akamsukuma kwa mguu. Mbwa akadhani ni mchezo, akarudi. Akampiga teke la pili, hilo la kweli, nikasikia mbavu. Mtasema akatoka akilia, akaja kujificha nyuma ya shangazi, na hivyo wakatimia saba.

Jioni hiyo shangazi hakula. Alikaa mbele ya mafiga akivunja vijiti. Kuwaandikisha hawezi, kwani mwanamke gani ana mbwa saba wenye njuga? Wangemwongezea mume wake kifungo. Kuwafungulia ni kuwapeleka kwenye risasi. Nikamwuliza, "Na kama wana kichaa kweli?" Akasema, "Sita nimewafunga wiki tatu sasa, na huyu wa Hango leo amemaliza kigae kizima. Kila asubuhi nawatazama wakinywa maji mbele ya macho yangu. Mbwa wa kichaa hanywi. Hawa wakiwa na kichaa, hata mimi ninacho." Halafu akaniambia habari ya Gidahoda.

Sisi na Wabarbaigi, ambao wakubwa wetu waliwaita Wamang'ati, tulikuwa hatuaminiani. Kulikuwa na ng'ombe walioibwa na watu waliouawa pande zote mbili, na mtoto wa kwetu akikataa kulala anatishwa kwa jina lao. Lakini shangazi alikuwa anabadilishana mtama kwa samli na mke wa Gidahoda, penye korongo la mpakani, miaka mingi, wakizungumza Kiswahili kibovu cha kila mmoja. Mwanamke huyo alikuwa amemlalamikia kwamba fisi wamewamalizia ndama. Shangazi akatuma neno kwa msichana wa kuuza samli. Jibu likaja siku iliyofuata, fupi: Alhamisi, siku ya gulio, mzee atakuwa ng'ambo ya korongo. Akiinua fimbo, njooni. Asipoinua, msije.

Alhamisi saa tatu asubuhi, watu wote wakiwa wameelekea gulioni, tulitoka. Shangazi aliwavisha mbwa wote njuga, akazishindilia majani ya mchicha pori kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, akizikung'uta karibu na sikio lake. Alisema bila njuga watabweka kila penye mbuzi, bali wakiwa na njuga zenye majani watatembea kama maji. Na ndivyo ilivyokuwa. Sijaona kitu kama kile tena. Mbwa saba mchana kweupe, wametufuata kwa mstari ndani ya vichaka, husikii ila miguu. Salima alikuwa amekuja ingawa hakuambiwa aje. Alibeba kibuyu cha maji, na akatembea wa mwisho kabisa, mbali na mikia.

Tulifika karibu na korongo jua limeshakuwa kali. Kivukoni, chini ya kivuli, walikuwa wamekaa mgambo wawili na bunduki moja, na pamoja nao balozi Hango. Hatukuwategemea. Tuliwasikia wanabishana juu ya kahawa ya nani ina sukari. Shangazi akatulaza kichakani, akasema kwa kunong'ona kwamba anazunguka juu ya korongo peke yake kumtazama Gidahoda, kama anaweza kupokelea upande wa juu badala ya kivukoni. Akatunyooshea kidole, mimi na Salima. "Shikeni kamba. Msiongee. Na majani msiyaguse."

Nilishika kamba nne, Salima alishika tatu, kwa kanga, bila kugusa ngozi. Yule dume mdogo alikuwa kwangu. Alikuwa amelala ameweka kidevu juu ya mguu wangu, na nilikuwa namtazama nikiwaza. Nilikuwa nawaza kwamba tukivuka hapa, huyu anakwenda kwa watu wasiovisha mbwa njuga. Atalinda ndama. Hatachomolewa majani maisha yake yote, na kwa hiyo hatapata jina, atakufa akiitwa "wewe" katika lugha isiyo ya kwao. Mzee Ntandu akitoka gerezani ataniuliza, nami nitasema nini? Ndivyo nilivyowaza, mtoto wa miaka kumi na sita, na kwa watu wa kwetu hayo hayakuwa mawazo ya kipuuzi. Sungura akatoka kwenye nyasi, hatua kama kumi hivi, akakaa akitikisa pua. Yule mbwa alianza kutetemeka mwili mzima, lakini hakusogea, kwa sababu njuga ilikuwa na majani. Alinitazama. Nikasema moyoni, ni sungura tu, yuko karibu, atamkamata na kurudi kabla hawajageuza shingo. Nikalegeza kamba yake. Nikaingiza kidole, nikachomoa majani.

Mlio ule ulikuwa mkubwa kuliko nilivyokumbuka. Kumbe porini penye mazungumzo ya wanaume husikii njuga, lakini pale pakiwa kimya ilikuwa kama kengele ya misa. Alikwenda. Hakumfuata sungura kwenda porini, sungura alikimbilia korongoni, kuelekea kivukoni. Nilisikia mtu anasema, "Mbwa huyo!" na mwingine, "Ana njuga!" na Salima akanishika mkono akanibana mpaka kucha zikaingia. Njuga ikazunguka, ikasimama, ikalia mara mbili haraka, halafu bunduki. Baada ya hapo njuga haikulia tena.

Mbwa sita walibaki wamelala. Masikio yao yalikuwa yamesimama, na Sikitu alikuwa analia ndani kwa ndani, kitu kama mlango unaofunguka polepole, lakini hakubweka hata mmoja, kwa sababu njuga zao zilikuwa na majani. Hatua zikaja. Kichaka kikafunuliwa, na aliyesimama pale alikuwa Hango.

Alituona sisi. Akaona kamba. Akawaona mbwa mmoja mmoja, macho yake yakaenda mpaka kwa Mtasema, ambaye alianza kupiga mkia wake chini, taratibu, akiinua vumbi kidogo. Nyuma yake mgambo akapaza sauti, "Balozi! Wapo wengine huko?"

Hango aliendelea kuutazama ule mkia. Sijui ni kwa muda gani. Salima anasema ni muda wa kusema Bismillahi, mimi ninasema ilikuwa zaidi. Akainama. Nilidhani anamshika mbwa. Aliishika njuga ya Mtasema, akaigeuza, akatazama majani, na kwa kidole gumba akayashindilia ndani zaidi, kama anavyofanya mwindaji anayeona mwenzake amefunga kwa uzembe. Akainuka, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, "Hakuna kitu. Ni huyo mmoja tu. Wa porini." Akaenda zake. Nikamsikia anawaambia waende gulioni wakanywe togwa, yeye ananunua.

Walipoondoka shangazi akarudi akikimbia, kitambaa kimemtoka kichwani. Hakuuliza. Alihesabu mbwa kwa macho, akatazama mkono wangu, na mimi bado nilikuwa nimeshika yale majani. Nikayaachia chini. Alisema tu, "Twendeni, mzee ameinua fimbo." Nikageuka kumtafuta Salima, hayupo. Alikuwa ameshuka korongoni. Tulimkuta amepiga magoti mchangani, amempakata yule mbwa kwenye kanga yake mpya, damu imemfika viwikoni, yeye ambaye alikuwa anasukuma kigae kwa fimbo. Alikataa asaidiwe, akatuambia tutangulie na mbwa. Alimfukia mwenyewe kwa mikono ukingoni, na njuga yake. Baadaye aliosha mikono mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini yake inavyotaka, na kanga ile hakuivaa tena.

Gidahoda alikuwa mzee mwembamba, mwenye shuka jekundu na macho ya mtu asiyelala. Aliwapokea mbwa kwa kuwanusisha kiganja chake. Shangazi akamtajia majina, naye akayarudia kwa ulimi wake: Sikitu, Radi, Tabu, Kapera, Hamjui, Mtasema. Akainua vidole saba, akauliza, "Mlisema saba." Shangazi akasema, "Majani yalidondoka. Nilifunga vibaya." Alisema hivyo bila kunitazama. Na hivyo ndivyo alivyomwambia mzee Ntandu alipotoka kifungoni, usiku wakila, mimi nikiwa hapo hapo nimeshika mwiko. Mzee alitafuna muda mrefu. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu, "Alikamata?" Shangazi akasema hajui, alikuwa juu ya korongo. Akanigeukia. Mimi nikasema sikuona. Mzee akasema, "Basi," na hakumtaja tena mpaka amekufa.

Baada ya mwaka huo niliolewa Mwankoko, nikazaa, nikazika. Shangazi nilikuwa namtembelea, na kila mara nilikuwa nakwenda na neno hilo mdomoni, na kila mara narudi nalo. Alikuwa ananipa kuku na karanga. Mara moja tu, tukiwa tunapepeta uwele, alisema kama anayejisemea, "Ukimpenda mtoto usimshike mkono alioungua." Mimi nikajifanya sikusikia.

Kwa hiyo siku ile ya matanga, Samweli alipokwenda kutazama gari lake, na Salima akiwa bado amenigeuzia uso, niliona shangazi hayupo tena wa kunibebea. Nikasema, "Salima, ni mimi niliyechomoa."

"Najua. Nilikuwa nimekaa kando yako, sikuwa kipofu siku zile."

"Hukusema."

"Ningemwambia nani? Aliyetaka kujua alikuwa ameshajua." Akaigeuzageuza ile njuga ya Mtasema mapajani. Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, "Alikuwa na sungura."

Nikamwuliza nani.

"Yule mdogo. Nilipomfikia alikuwa amembana sungura mdomoni. Nilimtoa kwa vidole hivi. Nikawazika wote wawili."

"Salima! Miaka yote hii?"

"Hukuniuliza, Agnesi. Na mimi nilijua kwa nini huniulizi."

Sasa nimeyaandika yote kwenye daftari hili kama ninavyoyakumbuka, na ninyi mtakaoyasoma, hasa watu wa Mtinko na wale wa ng'ambo ya korongo, nawaomba mnisahihishe. Kama gulio lilikuwa Jumatano na si Alhamisi, niambieni. Kama Tabu hakuwa jike, niambieni, ingawa nina hakika alikuwa jike. Lakini zaidi ya yote natafuta wale mgambo wawili, kama yupo hata mmoja aliye hai. Sitaki ugomvi, mlikuwa kazini na mtoto wa watu alikuwa amekufa. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ile milio miwili ya haraka ya njuga kabla ya risasi, mimi niliisikia kama mbwa anayemtikisa mnyama, lakini Salima ni mtu anayenionea huruma tangu utotoni, na anaweza kunidanganya kwa wema. Ninyi mlikuwa mnamtazama. Niambieni, alikuwa amekamata? Maana niliyechomoa majani ni mimi, na jina lake ninalo, nimelishika mdomoni tangu siku ya matanga. Bado sijalitamka kwa mtu.